Mwalimu, Unauonaje Mchezo

Gati alikuwa na banda umiza Nyamongo, kando ya barabara ya kwenda mgodini, na ndani ya banda hilo sheria ilikuwa yeye. Kulikuwa na mabenchi ya mbao, king'amuzi, na runinga kubwa iliyofungiwa kwenye sanduku la chuma, maana wako wapenzi wa mpira wanaopenda na runinga pia. Rimoti ilikaa kwenye mfuko wa khanga yake na haikujua mkono mwingine. Wachimbaji waliokuwa wakitambiana huko mashimoni, watu wa kurushiana mapanga kwa neno moja tu, wakiingia humo walivua kofia za pikipiki kabla hawajaambiwa, wakasogea, wakakaa. Aliyechelewa kuvua alivuliwa.

Mpira aliupenda kuliko wengi wanaojisifu kuupenda. Waliomshinda ni watu wanaouleta kwenye runinga.

Na kituo kile, ambacho hakitatajwa hapa kwa sababu kinajijua, kilikuwa na kipaji chake. Uwanjani kulikuwa na mpira, na kituo kilihakikisha kwa juhudi kubwa kwamba mtazamaji hauoni. Winga akiingia ndani ya boksi, kamera inakumbuka kwamba jukwaa kuu kuna mheshimiwa anamenya karanga, inakwenda kumwangalia kama anamenya vizuri. Kona ikipigwa, ndipo wanapoona umuhimu wa kurudia rafu iliyosahauliwa hata na aliyechezewa. Penalti ikitolewa, ah, hapo ni pazuri sana kwa tangazo la rangi za nyumba. Mtangazaji naye hana haraka. Anakueleza mchezaji huyu alizaliwa wapi, shangazi yake anauza nini, mvua imenyesha mikoa gani, na akimaliza anakupa matokeo kwa hisani yake.

Yote hayo Gati aliyamaliza kwa kusonya. Kilichompandisha presha ni ule mtindo mpya wa kumfuata kocha kwenye benchi mpira ukiwa unachezwa. Si kabla ya mechi, si baada. Katikati. Kijana mmoja amevaa suti iliyombana, ameshika kipaza sauti chenye sponji kubwa kuliko ngumi yake, anamvizia mtu wa watu anapiga kelele mabeki wapande, anamgusa bega na kumuuliza kwa upole: "Mwalimu, unauonaje mchezo?"

"Yeye anauona," Gati alikuwa akijibu kutoka kwenye kiti chake cha plastiki. "Tuulize sisi tunauonaje."

Kocha naye, badala ya kumwambia aondoke, anageuka na kuanza. Kwanza anamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kuwaamsha salama. Pili anawaheshimu wapinzani, ni timu nzuri. Tatu mpira una matokeo matatu, na anayataja yote matatu, asije mtu akadhani yameongezeka. Mwisho anawaomba mashabiki waje kwa wingi uwanjani, jambo ambalo Gati aliliona ndilo pekee la maana, kwa sababu waliobaki nyumbani hawaoni kitu.

Alipofika kikomo cha uvumilivu alibuni dawa yake. Ripota akitokea tu, sauti inakatwa, na Gati anasema maneno ya kocha yeye mwenyewe, kwa sauti ya puani, mkono kiunoni, midomo ikienda sawasawa na ile ya kwenye runinga. Hakuwahi kukosea. Watu wakampa jina la Mwalimu Gati, na wako waliokuwa wanachungulia mlangoni na kuuliza kama kocha keshahojiwa, ndipo waamue kuingia.

Sasa mwanamke huyu mwenye mdomo wote huo alikuwa na jambo moja ambalo mdomo haukulifaa. Lilihusu binti yake, Boke.

Boke alilelewa Nyansurura, upande wa Serengeti, kwa baba yake Gati, Mzee Nyangwine, wakati mama yake anahangaika na maisha huku Nyamongo. Mzee na mjukuu walikuwa pete na kidole. Boke alichunga ndama, na mahali ndama waliposimama palikuwa ndio goli lake. Akapiga mpira wa matambara, halafu wa shule, halafu mashindano ya shule, mpaka timu moja ya wanawake ya Mwanza ikaja kumchukua. Siku ya kuaga, Mzee Nyangwine aliuliza swali moja.

"Anakwenda kufanya kazi gani?"

"Anakwenda kucheza mpira, Tata," Gati akamjibu. Tata ndiyo baba kwa Kikurya, na lugha yenyewe waliyokuwa wakiongea ni hiyo.

"Nimeuliza kazi."

"Ni mchezaji. Wanalipwa."

Mzee alifikiri. Kwake yeye wanaocheza ni watoto na ndama, na wote hao hukua wakaacha. Mtu mzima kujiita mchezaji aliona ni sawa na mtu mzima kujiita mtoto. "Akimaliza kucheza," alisema, "atanikuta hapa." Akaingia zizini, na tangu siku ile hakumpa tena mjukuu wake hata neno.

Si kwamba alinuna kwa kelele. Boke alipiga simu kila wiki kwenye kitochi cha babu yake. Mzee alipokea, akasikia ni nani, akakohoa, akampa simu aliye karibu. Kama karibu kuna mke wa mwanawe, sawa. Kama kuna mnunuzi wa ng'ombe aliyetoka Mugumu asiyemjua Boke wala mama yake Boke, alipewa yeye, na wakasalimiana vizuri tu. Mwanzoni Boke alikuwa akimuuliza mama yake, "Babu amesema nini?" Baadaye akaacha. Akawa anasema, "Leo babu alikohoa vizuri, nadhani mafua yamepona." Anasema huku anacheka, na Gati naye anacheka, kisha akikata simu anakaa nyuma ya banda peke yake roho ikimuuma. Angeweza kumgombeza mwanamume yeyote Nyamongo nzima. Baba yake hakumuweza.

Ndipo ikatangazwa kwamba mechi ya akina Boke dhidi ya timu ya Dar es Salaam itaonyeshwa moja kwa moja. Gati alipanda bodaboda mpaka Nyansurura, vumbi likamjaa mpaka kwenye kope, akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba."

"Njoo umwone kwa macho yako. Sisemi umpongeze. Njoo uone tu."

Mzee kwanza alifunga zizi. Halafu akasema, "Nitakuja. Nikiona kazi, nitasema ni kazi. Nikiona mchezo, jina lake usinitajie tena."

Gati alirudi na furaha nusu na hofu nusu. Hofu yenyewe haikuwa Boke. Boke alimjua, angekimbia mpaka viatu viombe maji. Hofu yake ilikuwa kile kituo.

Jumamosi ya mechi banda lilijaa saa tisa, ingawa kwa kawaida ligi ya wanawake haikuwa na wateja wengi Nyamongo. Gati alikuwa ametangaza kwa upendo kwamba ambaye hataonekana leo, siku ya watani wa jadi akaangalie kwa jirani. Mzee Nyangwine alikaa benchi la mbele, koti la baridi mwilini, fimbo katikati ya magoti. Ubavuni mwake alikaa Sadick, mfanyabiashara wa mitumba wa Tarime mjini aliyekuwa na tawi la meza huko Nyamongo. Sadick alikuwa mteja wa zamani, na alikuja na redio ndogo sikioni, maana alishaapa hatakiamini tena kituo kile bila shahidi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo ya sikioni ni ya nini?"

"Hii ndiyo ya kuonea, mzee. Ile pale ni ya kutazama tu."

Mchezo ukaanza. Redio ya Sadick ilisema umeanza. Kwenye runinga wataalamu waliovaa tai walikuwa wamezunguka meza, bado wanajadili kama timu hizi zina hali gani kabla ya kuanza. Waliporidhika kwamba wamejadili vya kutosha walituletea uwanja, na kamera ilikuwa imepandishwa juu mahali fulani karibu na mbinguni, wachezaji wakawa siafu.

"Yuko wapi?" Mzee akauliza.

"Yule wa kushoto kabisa, Tata. Jezi ya njano."

Kamera ikaenda kulia.

Mpira ukarudi kushoto, Boke akaupokea, na papo hapo kituo kikaona vyema kutuonyesha mtoto jukwaani aliyepakwa rangi mashavuni. Mtoto mzuri, hakuna aliyebisha. Baadaye Boke akachezewa rafu, Sadick akasema kutoka redioni kwamba ni Boke huyo yuko chini, na runinga ikajaa uso wa mheshimiwa. Leo hakuwa na karanga, alikuwa anaongea na simu.

"Huyu nimeshamjua sasa," alisema Mzee Nyangwine. "Kesho nikikutana naye njiani nitamsalimia. Boke sijamwona."

Gati alitabasamu kwa meno. Jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni. Alikuwa ameahidi macho, na macho yalikuwa yamekuja kutoka Nyansurura na mifupa yake ya uzee juu ya bodaboda, na hiki ndicho yalichokuwa yanapewa.

Kisha, sijui fundi mitambo alipitiwa na usingizi au vipi, kamera ikashuka. Ikakaa chini, karibu, ikatulia. Boke alikuwa na mpira mguuni na pembeni mwa uwanja palikuwa peupe. Alimpita beki wa kwanza, mkia wa nywele ukiruka. Gati akasimama. Banda zima likasimama. Beki wa pili akamjia, Boke akainamisha bega kushoto na kwenda kulia, yaani beki yule mpaka leo anamtafuta. Akainua kichwa kumwangalia kipa.

"Mwalimu, unauonaje mchezo?"

Runinga nzima ilikuwa suti na sponji na kocha wa akina Boke.

Hapo yalisemwa maneno mengi ndani ya banda ambayo karatasi haiyabebi. Gati aliinua rimoti akate sauti, na pengine airushe kabisa. Baba yake akanyoosha mkono.

"Acha. Nataka kumsikia huyu."

Baba ni baba. Gati akashusha rimoti. Kocha, shingo imepinda anajaribu kuuona uwanja juu ya bega la ripota, alianza kumshukuru Mwenyezi Mungu. Ripota akasogea naye, akaziba uwazi uliobaki. Kocha akasema anawaheshimu wapinzani. Nyuma yao uwanja mzima ukalipuka kelele, benchi la ufundi likaruka juu, mtu akamwaga chupa ya maji, kocha akataka kugeuka, ripota akamshika kiwiko kwa adabu.

"Kwa hiyo mwalimu, mashabiki watarajie nini leo?"

"Goli," alisema Sadick, redio imebana sikio. "Boke. Mguu wa kushoto, kipa hakuona kitu."

Watu wakarukiana. Mabenchi yakaanguka. Walishangilia goli la redio mbele ya runinga kubwa kuliko zote Nyamongo, na kwenye runinga hiyo ripota alikuwa anamshukuru mwalimu kwa muda wake. Likafuata tangazo la sabuni. Baada ya sabuni wakaleta marudio, ya polepole, kwa pembe tofauti tofauti: kipa akiokota mpira wavuni.

Gati hakushangilia. Alikuwa amesimama na mikono imemning'inia, akiwa na hasira za kumlipua mtu. Nafasi ilikuwa moja na imekwenda na sabuni. Alimgeukia baba yake pole pole, akijiandaa kuambiwa asilitaje jina.

Mzee Nyangwine hakuwa na habari na goli. Alikuwa amemkazia macho ripota hata baada ya ripota kuondoka.

"Yule aliyesemeshwa ni nani?"

"Kocha, Tata."

"Ndiye msimamizi wao?"

"Ndiye."

"Na alipofuatwa alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anawaangalia. Anawaelekeza."

Mzee akashusha pumzi kwa pua. "Na yule mwingine, wa suti, kwao hakuna wazee?"

Gati hakumwelewa. Sadick hakumwelewa pia, akatoa redio sikioni asikie vizuri. Mzee akawageukia watu wa banda, akahamia Kiswahili chake cha mnadani ili wote wapate.

"Sisi kwetu Nyansurura, ng'ombe wakiingia mtoni, mwenye fimbo hasalimiwi. Hata awe mkwe wako. Unasimama ng'ambo, unanyamaza, mpaka mkia wa mwisho utoke majini, ndipo unasema shikamoo. Ukimsemesha kabla, unamtakia hasara. Ndama anachukuliwa na maji mtu akiwa anajibu habari za nyumbani." Akaigonga fimbo chini. "Mtu mzima na akili zake anamsemesha mwenzake namna hii akiwa kazini?"

Banda likaitikia kwamba ni kweli, ni utovu wa adabu, mzee kasema. Wengine walitaka ripota yule apelekwe mbele ya wazee. Gati hakuitikia. Alikuwa amelisikia lile neno la mwisho, na alikuwa anaogopa hata kumeza mate, asije akamshtua baba yake akagundua amelisema. Alikiokota kiti chake, akakaa, akajifanya anafuta rimoti kwa ncha ya khanga.

Kipindi cha kwanza kikaisha. Kituo kingeweza kuonyesha goli, muda ulikuwepo, hakuna mtu angewalaumu. Badala yake ripota alitokea tena, anakimbia kwenye nyasi na waya unamfuata, na wasichana walikuwa bado wanatoka uwanjani wamejishika viuno wakati alipomwahi mmoja na kumgeuza kwenye kamera.

Uso wa Boke ukajaa runinga yote.

Jasho lilikuwa linamchuruzika kwenye kovu la nyusi aliloachiwa na teke la ndama utotoni. Alikuwa amekomaa. Mashavu yalikuwa yamekwisha, kifua kinapanda na kushuka, mdomo wazi unatafuta hewa. Mzee Nyangwine hakuwa ameuona uso huo tangu siku ile ya kuaga.

"Boke, hongera kwa goli zuri. Unajisikiaje?"

Mzee alisimama. Alikwenda mpaka kwenye sanduku la chuma, akasimama mbele ya runinga na koti lake, akawazibia watu wote. Kwa sheria za banda lile hilo lilikuwa kosa ambalo wachimbaji wakubwa walishatolewa kwalo nje kwa kusukumwa. Hakuna aliyesema kaa chini.

"Boke," alisema, kwa Kikurya, kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. "Boke, usimjibu huyo. Ng'ombe bado wako majini. Nenda kanywe maji, upumzike, urudi kazini kwako. Sisi tutaongea ukitoka."

"Kwanza kabisa," alisema Boke kwenye runinga, anahema, "namshukuru Mwenyezi Mungu..."

"Usimjibu, mjukuu wangu."

"...pili nawashukuru wachezaji wenzangu na benchi la ufundi..."

Mzee akageuka. "Hanisikii?"

"Hasikii, Tata," alisema Gati, na sauti yake iliyozoeleka Nyamongo nzima ikatoka nyembamba. Alikuwa analia, wazi, mbele ya wateja, na hakujisumbua kujifuta. Ripota yule Gati alimchukia kwa moyo wake wote, na kama angekuwa karibu angemchinjia mbuzi.

"Mpigie, basi."

"Yuko uwanjani, Tata. Simu zao wameziacha ndani."

"Nimesema akimaliza kazi." Mzee Nyangwine akarudi kwenye benchi lake, akaweka fimbo katikati ya magoti, akasubiri kipindi cha pili. "Akimaliza, mpigie. Na wewe usianze kumuuliza anajisikiaje. Nipe simu."